Kwa Tarsisi Kinunda, Mwenye Kamba na Kipenga

Umetimia mwaka na siku tisa, Baba, tangu siku ile ya mwezi wa tatu ulipotoka kitandani na homa yako, ukapanda mlimani pekupeku, kipenga mdomoni, usirudi tena nyumbani kwa miguu yako.

Siku tisa hizo tumechelewa kwa sababu, na sababu yenyewe utaisikia. Tunakuita Baba sote, hata Mama Ottilia aliyekuita hivyo miaka thelathini na minne, hata shangazi Hildegardi ambaye ni dada yako mkubwa na amekubeba mgongoni. Wengine watakaosoma haya kwenye ubao wa kanisa walikuita Mzee Tarsisi, na wenye utani walikuita Mzee Kamba. Wasome tu. Ila tunawaomba wasiishie katikati, maana kuna neno tulilochelewa kulisema, na kwa kuchelewa huko jina lako limebeba mwaka mzima mzigo usio wako.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Ulikuwa na shamba zima la kahawa lakini kahawa hukunywa. Ulisema kahawa ni ya kupeleka mnadani na chai ndiyo ya binadamu, ukatia vijiko vinne vya sukari na kukoroga mpaka Mama akakuomba uache kelele. Ulilala redio ikiongea, na mtu akiizima uliamka papo hapo kumuuliza kwa nini kaizima. Kipenga hukukivua shingoni hata kanisani. Jumapili ya Matawi, padri akiwa katikati ya mahubiri, uliona watoto wamesimama juu ya benchi lililolegea mguu, ukapuliza. Kanisa zima lilisimama. Watoto walishuka, benchi likaanguka tupu, na Mama hakukusemesha mpaka Jumanne.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ulikiona kitu kabla hakijaanguka, na hukuona haya kuwasumbua watu kwa ajili yake.

Kwa asiyeijua kazi yako, tuieleze. Juu ya kijiji chetu, pande za Ruanda wilayani Mbinga, kuna kilima chenye majani mafupi ambacho ukisimama kileleni hewa ikiwa safi unaliona ziwa mpaka kule Ngumbo. Watoto wa hapa wameteleza kwenye kilima hicho kwa magome ya migomba tangu enzi za mababu. Miaka sita iliyopita kijiji kikaunda kamati, mafundi wakachonga vibao vya kukalia, na wageni wakaanza kuja: walimu, wauguzi, maafisa waliohamishiwa Mbinga kutoka Tanga na Mara na Kilimanjaro, ambao Jumamosi hawana shamba wala ndugu wa kumtembelea. Wanakaa kwenye kibao, wanainua miguu, na mtu mzima mwenye cheo chake anapiga ukelele mpaka chini. Mahali hapo tulipaita Mteremko, basi.

Ubaya wa Mteremko ni kwamba raha yake na hatari yake huja siku moja. Kiangazi majani yamekauka na kibao kinakwama. Masika, asubuhi mvua ikishakatika, majani yana utelezi na kibao kinaruka. Hapo ndipo wageni wanafurika, na hapo ndipo udongo wa juu umejaa maji. Hakuna aliyelijua hilo kama wewe, ndiyo maana kamati ilikupa kamba yenye kitambaa chekundu ifungwe njiani chini ya kilima. Ikiwa imefungwa hapiti mtu. Ikifunguliwa, ruksa.

Na ulijuaje? Kwa ngolo. Juu ya Mteremko kuna mashamba ya ngolo kama yalivyo mashamba yote ya Wamatengo: wanaume wanalaza majani kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, na kila kisanduku kinabaki na shimo. Ukiyatazama kwa mbali ni kama sega la nyuki lililolazwa mlimani. Mvua ikinyesha maji yanaingia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mlima wenye ngolo haushuki. Kinachomtia Mmatengo wasiwasi ni shimo lililofurika, kwa sababu likifurika linabomoa la chini yake na maharage yanaoza. Shimo lililokauka baada ya mvua ni furaha.

Kila asubuhi ya masika ulivaa gambuti, ukapanda na fimbo yako uliyoichonga alama kwa kisu, ukapima mashimo kumi na mawili, yaleyale kila siku. Kisha ulishuka ukamwambia Gaudiosa, mwanao wa kwanza, neno moja tu: fungua, au acha. Gaudiosa hakubisha. Alifungua, au aliacha. Ulipima wewe, akashika kamba yeye, na kila mtu kijijini alijua hivyo.

Mzee Isidori, mwenyekiti wa kamati, alichoshwa na hizo acha zako. Mwaka wa pili alichongesha kibao kikubwa kilichoandikwa kwamba kila mtu anateleza kwa hiari yake, na kamati haihusiki na mvua, mawe wala maporomoko. Alisema mkutanoni kwamba mvua ni ya Mungu na jiwe halina mwenyewe, sasa kamati ikamatweje kwa kazi ya Mungu? Wengi walipiga makofi. Ukasimama.

"Mvua ni ya Mungu, sibishi," ulisema. "Lakini mgeni nimemwita mimi. Mimi najua mlima umeamkaje leo, yeye hajui. Mtu akubalije hatari asiyoijua?"

Kibao kikarudi nyumbani kwa Mzee Isidori, kikaegemezwa ukutani nyuma ya ghala. Mwezi mmoja baada ya kukuzika, kilipigiliwa misumari chini ya kilima. Hatukusema kitu. Tungesema nini, wakati watu walikuwa wanasema kwamba Mzee Tarsisi, pamoja na fimbo yake yote, siku ya mwisho alikosea? Walisema kwa huruma, na huruma ya namna ile inauma kuliko tusi. Walisema homa ilimchanganya akasema fungua pasipopaswa kufunguliwa, na akaenda kulipa kosa lake mwenyewe, Mungu amrehemu.

Gaudiosa aliyasikia hayo msibani kwako, akiwa na sufuria ya uji mikononi. Aliyasikia sokoni na kwenye mashine ya kusaga. Kila mara alifungua mdomo, na kila mara aliishia kusema jambo jingine. Alikonda mwaka huu, Baba. Mvua ikianza tu kugonga bati anaacha alichoshika, anakwenda kusimama mlangoni na kuutazama mlima, na ukimwita haitiki mpaka umguse. Shangazi Hildegardi alidhani ni majonzi, akamchemshia dawa. Lakini majonzi pekee hayamfanyi mtu ashtuke akisikia jina la baba yake likitajwa kwa upole.

Sasa tuiseme asubuhi ile ilivyokuwa. Mvua ilinyesha siku tatu. Mama alikuwa kijiji cha Mapera kwenye mkutano wa kina mama wa parokia, na amelala huko. Wewe ulikuwa kitandani unatetemeka kwa malaria, umejifunika mablanketi mawili, na chini wageni kutoka Mbinga walikuwa wamefika mapema, watu tisa, wanatazama majani yanayong'aa. Gaudiosa aliona huwezi kusimama. Alichukua fimbo, akapanda yeye. Alitia fimbo shimo la kwanza, ikatoka kavu. La pili, kavu. Yote kumi na mawili, baada ya mvua ya siku tatu, kavu kabisa. Moyo wake ulifurahi kama ambavyo moyo wa Mmatengo yeyote ungefurahi: maji yamekwenda. Alishuka akafungua kamba. Wageni walimshukuru, wakachukua vibao vyao wakapanda. Ndipo akaja nyumbani kukuletea chai na habari njema.

Ulikuwa umeshika kikombe. Alipokwambia mashimo yamekauka ukamwuliza, "Yote?" Akasema yote. Ukaweka kikombe chini.

"Maji hayajaondoka, mwanangu," ulisema. "Yameingia ndani. Mlima umepasuka huko chini na unakunywa."

Hukusema zaidi ya hayo, wala hukumgombeza. Ulitoka bila viatu. Yeye alikufuata mbio na hakukufikia, wewe mwenye miaka sitini na miwili na homa. Ulipuliza kipenga tangu kwenye migomba ya kwa jirani. Uliwatoa watu wanane kwenye njia ya vibao ukawasukumia kwenye mwamba wa pembeni. Wa tisa, mwalimu Asnath, mzaliwa wa Same, kibao chake kilikuwa kimekwama katikati na yeye amekaa juu yake anacheka. Ulishuka mpaka kwake, ukamsukuma na kibao chake hadi kwenye majani marefu ya ukingoni. Kisha udongo ukaja. Yeye alivunjika mkono. Wewe tulikupata saa tisa alasiri.

Hapo tuna neno na wewe, Baba, usikasirike. Ulijua siri ya shimo kavu, na hukumwambia mtu. Ulimpa mwanao kamba, lakini ulichokijua ulibaki nacho. Gaudiosa alipokuuliza zamani unatazama nini kwenye mashimo ulimwambia, nitakuonyesha siku moja. Wewe uliyemtetea mgeni asiyejua, nyumbani kwako ulimwacha anayeshika kamba bila kujua. Tumekusamehe zamani. Ila tumeona tulitaje, kwa kuwa ulikuwa mtu wa kutaja.

Na sasa zile siku tisa. Kamati iliamua kuufungua tena Mteremko upande wa pili wa kilima, ambao haukushuka, na Mzee Isidori akachagua siku yenyewe ya mwaka wako ili, kama alivyosema, tukuenzi. Tulikubali. Mama alipika, wageni wakaja, mwalimu Asnath naye akaja na mkono wake uliopona ukabaki umepinda kidogo. Gaudiosa aliombwa afungue kamba kama zamani. Juma lile ilinyesha mvua ya siku nne, ikakatika Ijumaa jioni.

Jumamosi alfajiri alipanda na fimbo yako. Upande ule wa pili una ngolo za Mzee Isidori mwenyewe. Gaudiosa anasema alipofika shimo la tano alirudi nyuma. Alirudia kupima kuanzia la kwanza, akidhani mkono wake unamdanganya. Kavu. Alikaa kwenye tuta, fimbo mapajani, akawaona watu wanakusanyika chini wakiwa wadogo, na Mama katikati yao amevaa kitenge kipya.

Alijua kitakachotokea akishuka. Akisema mashimo yamekauka, Mmatengo gani atakubali kuwa hiyo ni hatari? Watamwuliza umejuaje. Na jibu lilikuwa moja tu, lile alilolimeza mwaka mzima. Angeweza kusingizia kwamba mashimo yamefurika, lakini wangepanda kuangalia, na wakiyakuta makavu wangefungua kwa shangwe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye aliona zaidi: mficha uchi atawazika na wengine.

Alishuka. Alimwamkia Mzee Isidori shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, na akaulizwa mashimo yakoje. Akasema ni makavu. Mzee Isidori akatabasamu, akawageukia wageni na kuwaambia hiyo ndiyo faida ya ngolo, mvua ya siku nne na udongo umeinywa yote. Akamwambia Gaudiosa afungue.

"Sifungui," Gaudiosa alisema.

Mzee Isidori alidhani ni uchungu wa siku. Alimwambia kwa upole kwamba yeye amelima ngolo miaka hamsini, na kwamba baba yake angefurahi kuwaona watu. Gaudiosa alishika kamba kwa mikono miwili, na sauti yake ilitoka ndogo mpaka watu wa nyuma wakasogea.

"Siku ile hakupima baba. Baba alikuwa anaumwa, nilipima mimi. Mashimo yalikuwa makavu hivihivi, nikafurahi, nikafungua. Baba hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na yeye alikufa akilifuata kosa langu."

Watu walimtazama Mama, kwa kuwa katika jambo kama hilo mjane ndiye wa kutazamwa. Mama aliweka chini kapu alilolibeba. Alitembea mpaka kwenye kamba, akashika ncha ya upande wa pili, akaiongezea mafundo mawili kwenye nguzo. Kisha akarudi kwenye kapu lake.

Wa kwanza kuondoka pale alikuwa mwalimu Asnath. Alichukua kibao chake akakirudisha kibandani, na wenzake mmoja mmoja wakamfuata. Mzee Isidori alimwomba Gaudiosa fimbo. Alipanda mwenyewe na goti lake bovu, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka aliuliza tu kama inaweza kuchongwa fimbo nyingine mfano wake.

Jioni ile jikoni tulimzunguka Gaudiosa. Mdogo wake Vitalis alilia kwa hasira, si kwa kosa bali kwa kuachwa gizani, akauliza ilikuwaje ndugu wa damu asiwaambie wenzake. Ndipo Mama aliposema, huku anachagua mchele na bila kuinua macho, kwamba yeye alijua.

Alijua tangu wiki ile ya maziko, Baba. Alipoinama kufagia chini ya kitanda alizikuta gambuti zako. Zilikuwa kavu, na vumbi juu yake. Mvua ya siku tatu, na viatu vyako havina tope. Akaelewa kwamba asubuhi ile hukupanda kupima. Alizifuta akazirudisha palepale, na alinyamaza mwaka mzima huku akisikia watu wanasema ulikosea.

Vitalis alimwuliza aliwezaje. Mama alisema, "Baba yenu alikuwa amekufa, na huyu alikuwa hai. Nilichagua aliye hai. Kila Jumapili nilikwenda kaburini kumwomba radhi."

Gaudiosa alilala chini, kichwa miguuni pa Mama kama alivyolala utotoni, akalia kwa sauti, na hatukumzuia. Majuto ni mjukuu, ndiyo, lakini hata mjukuu hupokelewa nyumbani.

Ndiyo maana tangazo lako limechelewa. Vitalis, aliyepewa kazi ya kuliandika, alitaka kuandika kwamba kamba ilifunguliwa kwa bahati mbaya, bila kumtaja mtu. Gaudiosa alikataa. Alisema bahati mbaya haina mikono. Siku tisa walibishana, na dada mtu ameshinda.

Mpaka tunaandika haya mlima umekaa kimya, na kamba imefungwa. Tayari kuna wanaonong'ona kwamba wageni wanaishia kwingine, kwamba msichana yule amepata woga wa baba yake. Kibao cha Mzee Isidori bado kimepigiliwa misumari pale. Kamati itakaa baada ya Pasaka. Huenda mlima usishuke kamwe, na Gaudiosa aonekane amewazuia watu bure. Tulimwuliza itakuwaje ikiwa hivyo. Alisema anaomba iwe hivyo. Ila hapati usingizi, Baba, na sisi hatumdanganyi kwamba atapata. Kila asubuhi anavaa gambuti zako, zinampwaya, anatia matambara kwenye vidole, anapanda. Mdogo wake Beatha anakwenda naye sasa. Kila shimo anamweleza kwa sauti analoliona na maana yake, likiwa na maji na likiwa kavu, ili safari hii wajue wawili.

Wanaokukumbuka ni mkeo Ottilia. Dada yako Hildegardi. Wanao Vitalis na mkewe Flavia walioko Ngumbo, na Beatha. Wajukuu zako ambao bado wanauliza kipenga kimekwenda wapi. Na mwalimu Asnath wa Mbinga, ambaye si ndugu kwa damu ila ameomba jina lake liwekwe hapa, na tumeona ni haki yake.

Na Gaudiosa, mwanao wa kwanza, aliyeifungua kamba siku ile na kukataa kuifungua Jumamosi ya mwaka wako. Jina lake tumeliandika mwisho kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka liandikwe kabisa kati ya wanaokukumbuka. Alisema aliyekupoteza hastahili. Mama alichukua kalamu akaliandika kwa mkono wake.

Hatutakusahau, Baba. Kila mvua itakapokatika tutakukumbuka, na kamba haitafunguliwa mpaka mmoja wetu ashuke na tope miguuni.